Dakika za Heshima

Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, karani wa ratiba wa shirika la ndege alivua viatu, akapanda juu ya kiti na kupima ramani ya ukutani kwa futi ya fundi cherehani. Hakuna aliyemtuma. Kompyuta ya ofisi ilijua umbali kati ya viwanja vyote ambavyo ndege za shirika zilitua, lakini karani alikuwa mtu wa kuamini mkono wake. Futi yenyewe ilikuwa ya kitambaa cha manjano, urefu wa sentimita mia moja na hamsini, na namba zake za mwanzo zilikuwa zimefutika kwa kushikwashikwa. Ofisini walimwita Futi, naye aliitika.

Jumatatu hiyo, tarehe nane, alipima kutoka kiwanja cha hapa, penye pini nyekundu, mpaka kiwanja cha kwao alikozaliwa, penye pini ya bluu. Alipata sentimita mia moja na kumi na saba. Kisha akaanzia kwenye pini ya bluu kurudi kwenye nyekundu. Alipata ishirini na nne. Aliandika namba zote mbili kwenye daftari, akashuka, akavaa viatu.

"Ramani imegusa tena kabati," alisema Mkuu wa ratiba bila kuondoa macho kwenye kikombe chake cha chai.

"Nitawaita walisogeze."

"Hii mara ya pili mwaka huu, Futi. Kabati likifika mlangoni tutaanza kuingilia dirishani."

Ndege ya kwenda kwao ilichukua muda wa saa tisa na dakika ishirini. Abiria walipewa chakula mara mbili na blanketi. Ndege hiyo hiyo, na rubani yule yule, ilirudi kwa muda wa saa moja na dakika hamsini na tano, na wengi hawakuwahi hata kumaliza juisi. Mafuta yaliyotumika kwenda na kurudi yalikuwa sawa. Mafundi waliandika hivyo kwenye fomu zao, wakaenda kula.

Kazi ya karani ilikuwa kuamua ndege inachukua muda gani, na hiyo si hesabu tupu kama watu wanavyodhani. Safari ikiwa ya dakika mia moja, huandiki mia moja. Unaandika mia moja na kumi na tano. Ndege ikitumia mia moja na kumi, abiria anaambiwa amewahi, anashuka akitabasamu na kumshukuru rubani. Ungeandika ukweli, abiria yule yule angeshuka akitukana. Zile dakika za ziada ofisini waliziita dakika za heshima, kwa sababu zilimsitiri kila mtu. Karani alikuwa bingwa wa dakika za heshima. Alijua kuzitia kwa kipimo, kama chumvi, mlaji asijue ni ngapi.

Tatizo ni kwamba alizitia na nyumbani.

Miaka kumi na moja nyuma, siku aliyokuwa akifunga begi kuja kuanza kazi, mama yake aliacha kukanyaga cherehani akamwuliza huko aendako ni mbali kiasi gani. Ilikuwa safari ya saa moja na dakika hamsini na tano, tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka mpaka yanaposimama. Karani aliijua namba hiyo kwa sababu waliuliza kwenye usaili. Lakini alilifikiria bati lililokuwa likivuja, na vikao vya ukoo, na baba yake mdogo ambaye kila mwezi alikuwa na jambo. Akaona kwamba mtu aliye karibu huitwa, na mtu aliye mbali huombewa dua.

"Muda wa saa nne, mama," alisema. "Hewani."

Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kupanda ndege, kwa hiyo hakukuwa na wa kubisha. Mama yake alitikisa kichwa kwa huruma. Akaivua futi shingoni akampa. "Chukua, uwe na kitu cha mkono wangu. Mimi ninayo nyingine." Hakuwa nayo nyingine. Kwa mwaka mzima aliwapima watu kwa shubiri, na sare za shule alizoshona mwaka huo zilikuwa na miguu isiyolingana.

Muda wa ndege uliongezeka polepole. Baba mdogo alipofariki, karani alipiga simu kusema amebanwa, na tena ni mbali. Alhamisi iliyofuata ndege ilichelewa dakika kumi na mbili. "Upepo hakuna, foleni hakuna," rubani aliripoti. "Njia imeongezeka." Mkuu akasema ongeza dakika, karani akaongeza. Harusi ya binamu yake iligharimu dakika ishirini na tano. Mwaka ule bati la nyumba lilipoezuliwa na upepo na yeye akasema angekuja kama si umbali, waliongeza nusu saa, na shirika likaanza kugawa blanketi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kuajiriwa kwenye shirika la ndege.

Rubani, mtu wa mvi anayekaribia kustaafu, hakuona ajabu. "Kila njia ina mwenyewe," alisema siku moja akisaini karatasi mezani kwa karani. "Ile ya magharibi ilikuwa hivi hivi, ikafika saa saba, mpaka mhasibu mmoja wa hapa alipomwandikia mkewe barua ya kweli. Siku ya pili tukatua tukakuta hata ngazi hazijaletwa." Akarudisha kalamu. "Mwenye hii naye anajijua."

Karani alijijua. Alijua hata dawa. Mwaka wa saba alishikwa na homa kali, mama yake akapiga simu katikati ya homa, na kabla hajajizuia alisikia mdomo wake ukisema, "Mama, sikuja kwa sababu sikutaka kuja." Mama yake alidhani ni homa inayosema, akamwambia anywe maji mengi. Siku hiyo ndege iliwahi dakika hamsini. Karani alipopona akaona ile namba kwenye daftari, alikaa nayo muda mrefu. Tangu hapo kila simu ya nyumbani aliipokea akiwa amesimama, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

Na kulikuwa na jambo la tiketi. Shirika liliwapa wafanyakazi tiketi nne za bure kila mwaka, na fomu yake ilikuwa na mistari ya wazazi pia, wasafiri bure wakitaka. Miaka yote kumi na moja karani aliuacha mstari wa mama wazi. Sababu yake hakuwahi kujiambia hata mwenyewe, ila ilikuwepo. Mzazi alitakiwa kutia saini, mama yake hutia dole gumba, na fomu zote zilipita mezani kwa Mkuu, ambaye mama yake alistaafu akiwa jaji.

Jumatatu hiyo ya tarehe nane, saa tano, simu yake ililia. Alikuwa mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba, ambaye ndiye aliyebaki na mama. Karani alisimama.

"Kaka, tumetoka kwa daktari," alisema. "Macho ya mama yatafunga mwisho wa mwezi huu. Ni zile sare nyeusi, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi miaka thelathini. Daktari anasema hakuna cha kufanya."

"Pole. Pole sana."

"Sikiliza. Mimi tumbo langu limebaki wiki mbili. Mama anasema anataka kuona sura mbili kabla hayajafunga: yako na ya mjukuu wake. Yako aanze nayo kwa sababu mtoto hawezi kuja kabla ya siku zake. Njoo, kaka. Siku mbili tu."

Karani alitazama ukuta. Alikuwa na siku ishirini na moja za likizo na tiketi nne kwenye droo. Lakini mtu aliyekosa kuja miaka kumi na moja, akija sasa, ataulizwa mbona sasa ameweza. Na atajibu nini?

"Mwezi huu tunabadilisha ratiba," alisema. "Na unajua tena. Ni mbali."

Ukutani, pini ya bluu ilisogea upana wa vidole vinne. Kabati likatoa mlio.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, ee?" alisema mdogo wake. "Basi anakuja yeye. Cherehani tumeshaiuza, asiyeona atashonea nini? Anafika Alhamisi. Atakaa siku tatu, arudi kabla sijajifungua. Wewe mpokee tu, hiyo nayo si mbali."

Alhamisi mama yake alitoka kwenye mlango wa abiria akiwa na begi dogo na miwani juu ya miwani. Alikuwa amepungua. Karani alimwamkia, na mama yake akamshika masikio yote mawili kama sufuria, akamvuta mpaka nyuso zao zikabakiza shubiri moja, maana ndani ya shubiri hiyo ndimo macho yake yalimokuwa bado yanafanya kazi. Watu wenye mizigo waliwapita kushoto na kulia.

"Umenenepa, baba," alisema. "Na una mvi moja hapa."

"Umesafiri salama?"

"Salama kabisa. Yule dada wa ndege alinipa juisi. Nikapiga funda mbili, huyo, kaja kuichukua, anasema tunashuka. Nikamwuliza, tunashuka kufanya nini? Akaniambia, bibi, tumefika."

Karani aliinama kuchukua begi. Aibu ilimwanzia masikioni, pale palipokuwa bado na joto la vidole vyake, ikateremka. Alibaki ameinama zaidi ya ilivyohitajika akisubiri swali. Mama yake alikuwa na haki nalo, na lilikuwa swali fupi.

Walitembea hatua kadhaa.

"Basi kuja ni karibu," alisema mama yake. "Kwenda ndiyo mbali. Hata kilima kiko hivyo, kushuka si kupanda."

Karani alikuwa amezitoa dakika za heshima kwa maelfu ya watu. Hakuwahi kupewa. Aligundua kwamba anayepewa hujua ni ngapi.

Chumba chake kilikuwa cha ghorofa ya tatu, kitanda kimoja, jiko nyuma ya pazia. Mama yake alilala kitandani, yeye chini. Alimletea shati jeupe alilolishona kwa kupapasa, kwa vipimo vya siku aliyoondoka nyumbani, na vifungo vya tumboni havikufika. Walicheka wote wawili. Jioni alimketisha dirishani kwenye mwanga akamtazama kama mtu anayesoma barua ambayo lazima airudishe. Karani alitazama miguu yake mwenyewe.

Ijumaa alisema anataka kuiona meza ambayo mwanawe hufanyia kazi. Karani alisema ofisi haina cha kuona. Mama yake akasema hata yeye macho hana ya kuonea, watalingana.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni walipoingia. Alimtazama yule mama mwenye miwani juu ya miwani, viatu vya plastiki, na ncha ya kidole gumba iliyotobolewatobolewa na sindano. Alikuwa mtu mwema na aliuliza kwa wema.

"Futi, umepata mgeni?"

Kulikuwa na jibu moja tu, na ni neno ambalo mtoto hulijua kabla ya mengine yote. "Ndiyo," alisema karani. "Ni jirani yetu wa kule nyumbani. Amekuja kuonwa macho."

Pini ya bluu ilianza kutembea. Ilitembea bila haraka, na kabati likasukumwa mbele yake likikwaruza sakafu, mpaka likafika kwenye fremu ya mlango. Mkuu alisogeza mguu lisimkanyage.

Mama yake alinyoosha mkono mahali sauti ya Mkuu ilipotokea.

"Tunatazamana milango," alisema.

Mkuu alimvutia kiti mwenyewe. Akamwuliza habari za safari, kisha akamwuliza mama yake Futi hajambo, maana miaka yote hii hawajawahi kumwona hapa.

"Hajambo," alisema mama yake. "Macho tu."

Karani alijifanya anatafuta faili. Aliitafuta kwenye droo tatu.

Mama yake, akipapasa meza, aliigusa futi akaijua. Aliinuka, akauliza ukuta uko wapi, akaambiwa kuna ramani na pini. Aliupitisha mkono mpaka akaipata nyekundu, akaweka ncha ya futi, akaivuta. Ilinyooka mpaka mwisho wake ndipo ikagusa bluu. "Mia moja na hamsini," alisema. "Futi imeisha." Akaanzia upande wa pili. "Ishirini na nne." Akasimama kidogo, vidole juu ya karatasi, kama alivyokuwa akisimama juu ya kitambaa cha mteja kabla ya kukikata.

"Hiki kimevutwa upande mmoja," alisema.

"Amekivuta nani?" aliuliza Mkuu akicheka.

"Fundi haulizi, bwana. Fundi anapima."

Jumamosi alilifumua lile shati ubavuni, akampima mwanawe kiuno kwa futi, akatia kipande na kulishona upya kwa sindano ya mkono. Ilimchukua siku nzima. Alipomaliza akairudisha futi mfukoni mwake karani, akapigapiga mfuko.

Ndege yake ilikuwa Jumapili tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Ratiba, kwa mkono wa karani, sasa ilisema muda wa saa kumi na mbili. Mjukuu alitarajiwa baada ya siku nane na macho yalikuwa na siku kumi na sita. Muda ulitosha, kama njia haitaongezeka. Na karani alijua ya kwamba kwa sentensi moja ya kweli mama yake angefika nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye mlango wa kuondokea palikuwa na fomu ya abiria wanaohitaji kushikwa mkono. Binti wa kaunta alimjua karani, na nakala ya fomu ilikuwa ikienda kwa Mkuu kesho yake. Jina la abiria. Jina la anayemsindikiza. Uhusiano. Karani aliandika "jirani", ili karatasi ilingane na alichokisema Ijumaa.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza mama yake.

"Jina lako, mama."

"Na lako?"

"Na langu."

"Vizuri yakikaa pamoja."

Abiria walikuwa wakipita. Mama yake alimshika kiwiko. "Baba, kama una neno, niambie sasa. Mlango bado haujafungwa. Mimi sina hasira, nataka kufika tu."

Alikuwa nalo. Lilikuwa limepanda mpaka kwenye meno. Nyuma yao watu wanne walikuwa wakisubiri, na binti wa kaunta alikuwa ameinua kichwa, na karani aliona kwamba neno likitoka, litatoka na miaka yote kumi na moja, na tiketi arobaini na nne, na lile neno la Ijumaa juu yake. Alilimeza.

"Mwezi ujao nitakuja," alisema. "Kazi ikipungua. Unajua tena, mama, ni mbali."

"Najua," alisema mama yake. "Ni mbali, baba."

Aliupitisha mkono kwenye uso wa mwanawe, kuanzia kwenye paji, machoni, puani, mpaka kidevuni, taratibu, kama anayefanya mazoezi. Kisha akaingia.

Asubuhi ya Jumatatu ndege ilikuwa bado hewani. Jumanne pia. Mkuu aliagiza muda uandikwe upya, maana ndege haijachelewa mpaka ratiba iseme imechelewa. Karani aliandika siku tatu, kisha siku tano, kisha akaacha nafasi ajaze kwa penseli. Ndani ya ndege, rubani aliripoti, mambo yalikuwa shwari. Chakula kiligawiwa na hakikuisha. Bwana harusi mmoja wa kiti cha tano alikuwa ameota ndevu. Mwalimu wa kiti cha tisa alikuwa amemaliza kusahihisha madaftari yote na sasa alikuwa anawafundisha abiria wa mbele hesabu za sehemu.

Tarehe ishirini na moja mdogo wake alijifungua mtoto wa kike, siku moja kabla ya siku zake. Alipiga simu kesho yake akiwa hospitali.

"Mama yuko wapi?"

"Hewani."

"Siku ya nane hii, kaka. Amebakiza siku nane. Wewe si ndiye unayeandika hizo saa? Ziandike chache!"

Karani alishuka kwenye chumba cha redio. Mwendesha redio alikuwapo, na wasaidizi wake wawili, na Mkuu, aliyekuja kuulizia upepo. Sauti ya rubani ilikuwa safi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Waliposema kuna habari za mtoto, yalisikika makofi ya abiria wote.

"Yule bibi wa kiti cha kumi na nne, dirishani, anashukuru," alisema rubani. "Anasema mawingu bado anayaona. Anamsalimu jirani yake wa ofisi ya ratiba. Anauliza kama jirani ana neno."

Mwendesha redio alimpa karani kinasa sauti. Wote walimtazama, Mkuu kwa upole kuliko wengine. Kwenye masafa yale walisikiliza marubani wa mashirika yote. Karani alibonyeza kitufe. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikirudi kwenye spika.

"Mwambie," alisema. "Mwambie hali ya hewa kule ni nzuri."

Palikuwa na mlio wa redio.

"Nitamwambia," alisema rubani. Baadaye kidogo akaongeza, bila lawama, "Njia imeongezeka tena hapa mbele yetu."

Karani alirudi mezani kwake, akafuta penseli, akaandika siku kumi na tisa. Ndani yake mlikuwa na dakika kumi za heshima.

Ndege ilitua tarehe tatu ya mwezi uliofuata, Ijumaa asubuhi. Mdogo wake alipiga simu mchana. Karani alisimama, akasikia mtoto akilia karibu na simu.

"Anaona?" aliuliza.

"Haoni. Yalizima siku ya mwisho wa mwezi, juu huko, anasema ilikuwa kama mtu kashusha pazia la dirisha. Nimempa mtoto. Amempapasa uso mara mbili, anasema ana paji lako."

Karani aligusa paji lake.

"Anasema nikwambie usijilaumu. Eti safari ilikuwa nzuri, ila ni mbali, sasa ameamini, na asingependa uchoke kuja. Mimi nimempokea uwanjani, kaka. Ndege hiyo hiyo imegeuza na imeshatua huko kwenu. Nimeangalia saa. Umesikia? Nimeangalia saa."

"Nimesikia."

"Basi," alisema, akakata simu.

Alasiri karani alijaza taarifa ya safari. Muda uliopangwa: siku kumi na tisa. Muda uliotumika: siku kumi na tisa kasoro dakika kumi. Kwenye kisanduku cha maelezo aliandika kwamba ndege imewahi. Mkuu alisaini, akasema hongera, akampa fomu mpya ya tiketi za bure, maana mwaka wa shirika ulikuwa unaanza. Karani aliijaza hapo hapo, amesimama, na kwenye mstari wa mama akapitisha kalamu bila kugusa karatasi. Akaiweka kwenye trei ya Mkuu.

Jumatatu saa mbili na nusu alivua viatu, lakini kiti hakikuhitajika tena. Ramani ilikuwa imetoka mlangoni, ikafuata korido yote chini ya ukuta, ikapita mbele ya chumba cha redio na kushuka ngazi mpaka kwenye maegesho ya magari. Karani, akiwa amevaa shati jeupe lililotiwa kipande ubavuni, alipiga magoti kwenye pini nyekundu akaanza kupima, futi baada ya futi. Wenzake walikuwa wakiingia kazini. Waliinua miguu wakamruka, wakasema habari za asubuhi, Futi, naye akajibu nzuri bila kuinua uso. Ilikuwa urefu wa futi yake mara thelathini na nane na kidogo. Pale chini, kando ya gurudumu la gari la Mkuu, aliifikia pini ya bluu, akafuta vumbi magotini.

Kisha akaanzia pale kurudi. Sentimita ishirini na nne.